Mfaransa na Mjerumani wa Timu ya Majani Chai

Brayo, hapana. Umeandika kwa group ya timu, watu wote wakaona, ati "Otieno alikuwa mdomo tu, miaka yote hiyo alifunga magoli ngapi?" Ukamalizia na ile katuni ya kucheka hadi machozi. Nilirekodi sauti nikujibu hapo hapo, nikafuta, nikarekodi ingine, nikafuta, kwa sababu vile nilikuwa nasema haifai kusikizwa na watoto. Mke wangu akaniambia, "Baba Gift, kaa chini uandike. Ukiandika unakuwanga na adabu kidogo." Basi nimekaa. Magoli zangu unaweza kuhesabu kwa mkono moja na ubaki na kidole ya kukuna sikio. Hiyo nimekubali. Lakini hiyo ingine ya mdomo, leo tutaelewana, wewe na hao wote walikuwekea kidole gumba.

Mimi nilizaliwa laini, zile nyumba za wafanyikazi huko juu Kericho. Baba na mama walitoka upande wa ziwa wakiwa vijana, wakaja kuchuma majani chai, wakanipata hapa. Mpira nilijifunza kwa redio ya jirani. Hakukuwa na kocha, hakukuwa na academy, hata mpira yenyewe ilikuwa ya kuazima. Nilikuwa nasikiza mechi za Ulaya, halafu natoka nje natangaza yote tena, peke yangu, kwa Kiingereza sijui nilitoa wapi. Mama alikuwa anasema, "Huyu mtoto akinyamaza mmpeleke kwa daktari, kitu imefanyika."

Siku yangu ya kwanza kwa timu ya kampuni sikuwa nimeitwa. Nilikuwa nimesimama kando ya uwanja na wale vijana wengine wasio na kazi, nikimwambia namba sita wao vile ni mjinga. Nilimwambia ageuke, hakugeuka. Nilimwambia kuna mtu nyuma, akanyang'anywa. Sikuwa naongea polepole. Kocha Bett, mtu mkubwa alikuwa dereva wa lori ya majani kabla ya ukocha, akasimamisha mazoezi akanikujia. Nilijua napigwa.

"Wewe unaweza nini?"

"Naweza kuona, kocha. Huyu haoni."

"Sasa ingia ukaone ukiwa ndani." Akanitupia bibu ya mazoezi.

Nikaingia na viatu za shule. Nilianguka hadi nikachoka kuanguka, lakini sikunyamaza. Wiki iliyofuata nikaandikwa kazi kama karani wa mizani, ingawa mizani yenyewe nilikuwa naiona nikipita tu. Vile mnajua, kampuni ilikuwa inaandika kazi ndio mtu acheze.

Kocha Bett alikuwa anaita namba za uwanja kwa nchi. "Nyuma hapa nataka Mjerumani, mtu haogopi kichwa yake. Mbele nataka Mbrazil. Hapa katikati nataka Mfaransa, mtu anatuliza mpira kama anakunywa chai yake mwenyewe."

Mtu akamuuliza, "Na mtu wa Kericho unaweka wapi, kocha?"

"Huyo abebe maji."

Ndio nikawa Mfaransa. Sikuwa nimepita Nakuru. Siku moja Mfaransa wa kweli alikuja kiwandani kuonja chai, Kocha akamleta hadi kwa uwanja kuniangalia kama ng'ombe ya maonyesho. Yule mzungu akaniambia maneno mingi yenye ilikuwa inatokea kwa pua. Nikamjibu na salamu ya Kikipsigis, "Chamgei." Akacheka, akanishika mkono, akaulizisha kupitia kwa supavaisa mimi nafanyanga nini kwa timu. Nikamwambia naongea. Hakucheka hapo. Alitingisha kichwa kama mtu ameambiwa kitu ya maana. Brayo, mzungu wa watu alielewa.

Mjerumani alikuwa Kipngeno. Wengi wenu mmemkuta tu akiwa mzee wa nasari ya miche, kwa hivyo wacha niwaambie. Namba tano. Mrefu, mtu wa maneno kidogo, mwenyeji kabisa wa Sosiot. Kazi yake ya kuandikwa ilikuwa kutandaza majani mbichi ile pahali inanyaushwa, na huyo alitandaza kweli, hakuwa karani wa uongo kama mimi. Akivua kofia kusalimia mamako unaona kama unataka awe mjomba wako. Jina yangu hajawahi kuisema sawasawa. Mimi ni Odieno kwake hadi leo.

Baada ya mazoezi ya kwanza aliniita kando. Nilidhani ananipongeza.

"Odieno. Mdomo yako ni nzuri, lakini inapiga kelele."

"Si ndio kazi, mzee?"

"Kelele ni kitu ingine na habari ni kitu ingine. Umeniambia 'weee, weee.' Mimi nitafanya nini na 'weee'? Anza na jina. Mtu akisikia jina yake anaamka. Halafu upande. Halafu kitu ya kufanya. Basi, funga mdomo."

Jina, upande, kitu ya kufanya. Hiyo ndiyo shule yote nilisoma kwa mpira, na nawapatia bure.

Halafu akanituma kwa mama. Nilikasirika, nilifikiri ananiambia nirudi nyumbani. Akasema, "Nenda asubuhi kukiwa na ukungu, usikize vile wanachuma." Nikaenda. Nyinyi wa siku hizi mmekuta mashine, na mashine haiitani. Lakini wakati ule, ukungu ikishuka kwa majani hata mkono yako huoni vizuri, na wale wamama wanaendelea kuchuma wakiitana. "Rael, uko?" "Niko, juu yako." "Mama Otieno, kuna shimo hapo mbele." "Nimesikia." Hawapigi kelele. Sauti inatoka kifuani, inatembea chini chini ya ukungu inafika. Hakuna mtu anaachwa kwa mstari wake bila kuitwa. Nilisimama hapo nikalowa hadi kwa mfupa, na nikajua nimekuwa napoteza pumzi yangu bure.

Mambo ingine ya kazi nitaweka haraka. Uwanja wetu iko na mteremko, na mvua huku inakuja baada ya chakula ya mchana kama imeandikwa kazi. Kwa hivyo ukishinda sarafu chukua upande wa juu kwanza, shambulia ukishuka kukiwa kavu, halafu kipindi ya pili wacha matope ikukingie goli. Mvua ya mawe ikianza usikimbilie mti, weka jezi juu ya kichwa na uangalie mpira iko wapi, kwa sababu kuna refa mmoja hasimamishangi mechi. Njumu tulikuwa tunakausha kwa chumba ya boila pale kiwandani. Tukienda kucheza mbali watu walikuwa wanajua ni sisi kwa harufu, tulikuwa tunanukia kama thermos. Vaselini pakia hadi nyuma ya masikio. Na mtu akikutukana kwa lugha ya mama yake, jifanye hujui hiyo lugha hadi dakika ya mwisho. Hiyo ya mwisho mimi mwenyewe sikuweza. Kadi zangu nyekundu ziko na historia yao, tuziache zilale.

Sasa kitu yenye imenifanya niandike.

Kulikuwa na msimu Kipngeno alianza kukosa mipira ya pembeni. Ya mbele anapiga kichwa safi, lakini mtu akitokea kushoto anashtuka kama ameona nyoka. Watu wakasema ni umri. Halafu siku moja tukitembea barabara ya kiwandani akagongana na baiskeli yenye mimi nilikuwa nimeiona tangu mbali. Mwenye baiskeli akatutukana. Nikamrudishia, nikamaliza, halafu nikageukia Kipngeno nikamuuliza kama amelewa.

Alikunja mkono ikakuwa kama bomba, akaweka kwa jicho. "Naona hivi, Odieno. Hapa katikati tu. Pembeni kumezimwa."

Alikuwa ameshaenda hospitali ya macho. Daktari alimwambia ni presha ya ndani ya jicho, akampa dawa ya matone, akamwambia ile imeenda hairudi, tushikilie yenye imebaki. Nikamuuliza nani anajua. Mke wake. Na mimi sasa.

"Na kocha?"

"Usimwambie. Wala mamako. Nikitoka kwa timu natoka kwa kazi, na nikitoka kwa kazi natoka kwa nyumba ya kampuni. Wasichana wangu wako shule hapa karibu, wanatembea kwa miguu. Nataka wamalize. Baadaye hata iwe giza."

Nilimwambia sawa. Sikufikiria. Watu wengine wanafikirianga kabla ya kusema sawa, mimi sikuzaliwa nayo.

Kutoka hapo nilikuwa macho ya pembeni ya Kipngeno. Nilikuwa nacheza mbele yake, uso umegeukia goli letu nusu ya mechi, naangalia kule haoni. "Kipngeno, katam, anakuja," hiyo ni kushoto kwa Kikipsigis, na tai ni kulia. "Kipngeno, tai, uko peke yako." "Kipngeno, acha." Hakuwa anajibu, alikuwa anasonga tu. Nikimaliza mechi siwezi kumeza mate. Na mkumbuke mimi pia niko na mtu wa kukaba, niko na mpira ya kupeana. Ukiona namba sita anapiga pasi fupi tu, hafungi, hasongi mbele, unasema hana kitu. Mimi nilikuwa nimefungiwa kwa huyo mtu kama ndoo kwa kamba, na kwa kupenda kwangu.

Msimu huo huo akakuja mtu kutoka klabu kubwa ya Nairobi. Alisimama upande wa juu na mwavuli, baadaye akamwambia Kocha Bett ananitaka. Kocha alifurahi kuliko mimi. Nilipokataa alinizungusha uwanja yote kwa maneno.

"Wewe ni mjinga ya aina gani? Nani amekufunga hapa? Ni msichana?"

"Si msichana, kocha."

"Sasa ni nini?"

"Chai ya huko ni mbaya."

Alinirushia kofia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Nilingoja anigombeze, kwa sababu huyo ni mwanamke alikuwa ananiombea nitoke laini kila jioni kwa sauti. Akaniongezea samaki kwa sahani, ile ya kichwa, ambayo ilikuwanga ya baba.

Maneno ikaanza kutembea. Kwa kampuni hata ukipiga chafya watu wa ofisi wanajua. Ofisa wa welfare ya wafanyikazi, tumuite Bwana Koros, akamuuliza kocha kama ni kweli Mjerumani wake haoni. Kocha akasema hajui. Bwana Koros akasema sawa, Jumapili tunaenda Chepilat, nitapanda basi na nyinyi nijionee. Kama haoni lazima niseme haoni, hiyo ni kazi yangu.

Kwa basi Kipngeno alikaa dirishani. Nikamwambia, "Mzee, leo nitaongea hadi wafunge masikio." Akasema, "Ongea kidogo. Ongea vizuri."

Chepilat ilikuwa imejaa. Wamama wa laini walikuwa wamekodi gari yao wakakuja, kanga na gumbuti na miavuli, mama yangu mbele kama chifu. Bwana Koros akasimama karibu na wao kwa sababu ndio walikuwa na mwavuli kubwa.

Kipindi ya kwanza ilienda vizuri. Straika wao alikuwa kijana mrefu, mwepesi, na mara mbili nilisema "Kipngeno, acha," na huyo straika akasimama akiacha mpira yeye pia. Mara ya pili akaenda kulalamika kwa refa. Refa akaniita. Na hapo nawaambia ukweli, refa alikuwa na haki, iko kwa sheria, huwezi kupiga kelele mbele ya mpinzani akachanganyikiwa. Lakini mimi nilimwambia vile nilimwambia. Akatoa kadi ya njano.

"Na nikusikie tena ukisema hata 'amina', unaenda kukaa kwa basi."

"Refa, mimi naongea na mtu wangu."

"Ongea na yeye kesho."

Kipngeno alisikia yote. Alikuja akanishika bega. "Odieno, nyamaza. Ukitoka tutakuwa kumi, na mimi nitakuwa nusu ya mtu. Nyamaza tu."

Kipindi ya pili nikanyamaza. Brayo, wewe hujui. Mpira ya kwanza ilitoka kushoto, nikaona yule mrefu anakimbia nyuma yake, mdomo ikafunguka na nikaifunga na mkono. Kipngeno akageuka upande mbaya. Mpira ikagonga mwamba. Nikaangalia kando, nikaona Bwana Koros ameinama mbele kidogo, vile mtu anaangalia kitu anataka kuwa na hakika nayo.

Mpira ya pili ikainuliwa, kushoto tena. Na hapo nikasikia, si kelele, ile sauti ya kifuani ya asubuhi ya ukungu:

"Kipngeno. Katam. Anakuja."

Ilikuwa mama yangu. Mjaluo wa Siaya, na hiyo Kikipsigis yake ya kuvunjika. Kipngeno akageuka katam akapiga kichwa, mpira ikaenda hadi kwa mahindi ya watu.

Halafu Rael, mchumaji mwenzake, kutoka kona ile ingine: "Kipngeno, tai. Uko peke yako." Halafu mwingine kule nyuma ya goli. Walikuwa wameshajigawa kando ya uwanja yote, kila mtu na pahali pake, kama wako kwa mistari ya majani. Hakuna mtu aliwapanga. Wanaita, wananyamaza. Jina, upande, kitu ya kufanya. Refa akaangalia kando, akaangalia kadi yake, na hakuna sheria ya kumpa mama wa watu kadi ya njano akiwa amesimama na mwavuli.

Nikajua hapo kwamba wote walikuwa wanajua. Sijui tangu lini. Wote walikuwa wanafichana, na mimi nilidhani niko na siri.

Tulitoka sare bila goli. Yule straika mrefu alipita akamwambia Kipngeno, "Mzee, wewe uko na mama wengi sana." Kipngeno akacheka. Lakini alipomaliza kucheka alitembea mwenyewe, polepole, hadi kwa Bwana Koros. Mimi nikamfuata, nimekunja ngumi, sijui nilitaka kupiga nani.

"Bwana Koros, usiulize mtu mwingine. Sioni pembeni. Ni misimu miwili sasa. Hawa wote wamenisaidia, kosa si yao."

Bwana Koros aliangalia wale wamama. Hakuna hata mmoja aliangalia chini. Mama akamwambia, "Koros, hiyo mwavuli uko chini yake ni yangu."

Alimrudishia mama mwavuli. Halafu akasema, "Mpira ndio basi, Kipngeno. Siwezi kukuacha uvunjike shingo nikiangalia. Lakini nasari wanataka mtu wa kujaza udongo kwa mifuko ya miche. Hiyo kazi ni ya mikono. Nyumba itabaki hadi wasichana wamalize. Hiyo nitaisimamia mimi."

Mtu mmoja alilia hapo, na alikuwa mimi. Andikeni hiyo pia kwa group yenu.

Wasichana walimaliza. Mmoja ni nesi huko Bomet, mwingine anafundisha. Nairobi hawakurudi kuniuliza tena, na sikuwangojea. Nilicheza hadi goti ikaniambia imetosha, mwaka huu, na nikavua jezi bila sherehe kwa sababu ilikuwa inanyesha na watu walitaka kwenda nyumbani.

Na sasa Jumamosi iliyopita. Nilienda kumchukua Kipngeno kwake Sosiot, maana hata ile bomba ya katikati imefungwa sasa, anatembea na fimbo na bega langu. Alitaka kusikia timu yake. Tulisimama upande wa juu. Ukungu ilikuwa imeshuka hadi kwa magoti. Nyinyi mlikuwa mnacheza, nawaona, mnakimbia vizuri kunishinda, nywele zimechorwa, soksi zimekatwa. Nikamwona Brayo namba sita akiangalia beki wake akinyang'anywa kutoka nyuma, mita chache tu, na mdomo yake imefungwa kama bahasha. Kipa na namba nne wakaendea mpira moja, hakuna aliyesema 'yangu', wakagongana vichwa. Hata hapo mlinyamaza. Kipindi ya kwanza ilikuwa karibu kuisha.

Kipngeno alikuwa amegeuza sikio kwa uwanja hiyo wakati wote, anangoja. Akanivuta mkono.

"Odieno, mechi inaanza saa ngapi?"

Brayo, ningemjibu nini?